Kasha Yenye Ilingojea Kilio

Ngoie mwana yangu,

Umeenda kuaga bantu ya chorale, na chorale yenu ninaijua: nyimbo mbili, sala moja, kisha masaa mbili ya kuzungumuza inje ya mulango. Nitamaliza kuandika mbele urudi. Barua nitaiweka juu ya valizi yako. Isome leo, na kesho tusizungumuze juu yake. Ninaandika sababu mbele yako mudomo yangu inajua kazi mbili tu, kuhesabu na kugombana, na hii haiko mambo ya kugombana.

Juu ya kupika, kufua, bijana, na saa ya kufunga mulango, sitakuandikia kintu. Uko na myaka makumi mbili na moja. Kama haikuingia na bukari yenye ulikula mu hii nyumba, haitaingia na karatasi. Niko na neno moja, na inaanza na Fidèle.

Mama Fidèle unamujua. Meza yake na meza yangu ku soko zinagusana. Tulienda Pweto pamoja mara kenda, tukalala juu ya magunia ya samaki mu camion moja, tukakunywa maji mu kikombe kimoja. Ni myaka ine sasa tangu ile siku ya tano ya juma alikuya hapa Naviundu, mangaribi, kitambaa ya kichwa imefungwa vibaya kama muntu mwenye alitoka ku mbio. Weye ulikuwa unapiga pasi uniforme yako ya mwaka ya sita, pale karibu na dirisha.

Fidèle alikuwa mu mwaka ya tatu ya électricité. Session ya examen ilikuwa inaanza siku ya kwanza ya juma. Ulikwisha kujionea namna inakuwaka: ku mulango ya salle ya examen muntu anasimama na liste ya benye balimaliza kulipa. Jina yako iko, unaingia. Haiko, unarudi na kalamu yako. Fidèle alikosa dola mia moja na makumi mbili ya minerval, makuta ya masomo.

Na mimi njo nilishika kasha. Kila mama mwenye anauzisha samaki mu mustari yetu alitoa dola mbili kila juma, na muntu akifiliwa tulimupa mia moja na makumi tano, juu ya sanduku, bukari ya bantu ya kilio na gari ya kaburini. Siku ile mu kasha kulikuwa mia sita na kumi. Sikuhitaji kufungua kwa kujua. Hesabu yake ilikaa mu kichwa.

"Mama Ngoie, nisaidie," akasema. "Mia moja na makumi mbili. Mutoto atafukuzwa siku ya kwanza."

"Kasha ni ya kilio. Weye mwenyewe ulinyanyua mukono wakati tulikubali règlement."

"Niliinyanyua, ndiyo. Haikuwa mutoto yangu."

"Basi unaona. Nikikufungulia weye leo, kesho bote batanileta batoto. Huyu minerval, huyu syllabus, huyu viatu."

Akacheka, lakini haikuwa kicheko. "Kwa hiyo ni lazima Fidèle akufe njo mutoe makuta?"

Ile neno ilinichoma, na mimi muntu akinichoma, ninarudisha mara mbili. Nikamuambia: "Usinitajie kifo mu nyumba yangu. Mwenye hana makuta ya kusomesha, mutoto abaki ku nyumba. Mimi nilianza na sahani moja ya bitoyo, samaki ya chumvi, chini ya ile poteau ya umeme, na sijaombaka muntu hata ngumi ya chumvi."

Akatoka bila kuaga. Pasi yako ilikuwa imesimama. Nikasikia harufu ya nguo inataka kuungua, nikakugombeza. Nilifikiri unasinzia. Kumbe ulikuwa unajifunza.

Sasa sikiliza hesabu, sababu hesabu njo luga yangu. Siku kenda nyuma yake, shemeji ya mama mumoja wa mustari yetu alikufa kule Likasi. Hakuna mwenye alikuwa amemuona. Hata jina yake tuliuliza mara mbili kwa kuiandika. Tulitoa mia moja na makumi tano, na mimi mwenyewe njo nilibeba enveloppe, na kitambaa nyeusi, na sura ya huzuni. Ule mwaka tulizikisha bantu kumi na mumoja. Ni dola elfu moja mia sita na makumi tano. Kwa ile makuta tungeingiza batoto kumi na batatu mu salle ya examen, kila mumoja na mia na makumi mbili yake, na ingebaki makumi kenda. Hii hesabu nimeifanya mara nyingi. Haijaombaka ruhusa, inakuya yenyewe wakati ninapima samaki.

Fidèle hakurudi ku masomo. Mwaka wenye kufuata minerval ilipanda, kisha kukakuya mutoto, kisha moto, ile pikipiki ya taxi. Unamuona anapita hapa na bantu babili nyuma ya moto yake. Na kila mara ananiita, "Mama Ngoie, bonjour yako!" na kicheko ya kweli. Ningependa anitukane.

Usifikiri ninajipiga kifua juu unihurumie. Sikuwa muntu mubaya, nilikuwa muntu mwenye aliumizwa na akageuza kidonda kuwa sheria. Wakati baba yako alikufa ulikuwa na myaka munane. Baba yako mukubwa wa Bel-Air alileta sanduku ya mbao nzuri, na vioo, na bus mbili. Bantu balisema, "Huyu njo ndugu!" Mwezi ya kenda, wakati masomo ilifunguliwa, nikaenda kwake na weye ku mukono. Alituacha ku barza saa moja na nusu, kisha akatuma muke yake aseme kama hii mwezi ni nguvu, makuta haiko. Dola makumi tatu njo nilienda kuomba. Sanduku ile, nilikwisha kuuliza bei: mia ine na makumi tano. Pale ku barza niliapa, na kuapa na hasira ni kama kununua bei ya kwanza. Nilisema: kuanzia leo, mimi na mutoto yangu hatutaomba. Nilifikiri ni nguvu ninakupa. Na bado ile hasira iko, sikudanganye. Nikipita Bel-Air ninaangalia ngambo ingine. Lakini kwa kumukasirikia yeye, njo nilimufungia mulango mama ingine. Nilifanya kama yeye, tofauti ni kama mimi sikumuacha ku barza.

Sasa mambo yako.

Mwaka iliyopita, magunia yangu kumi na ine ilinyeshewa kule njia ya Kasomeno. Camion ilikwama siku sita, bashi ya kufunika ilipasuka, na samaki ikinyeshewa mara mbili haiko samaki tena. Minerval yako ya université ilikuwa mia ine na makumi munane; tulikwisha kulipa mia tatu na makumi munane na tano. Ilibaki makumi kenda na tano. Nikakuuliza, "Session ni lini?" Ukajibu, "Bado, mama." Nikakuuliza tena, "Banasemaje juu ya ile yenye ilibaki?" Ukasema, "Balitupa muda." Nikaamini, sababu ilinifaa kuamini. Hiyo ni kosa yangu ya pili, na ni mubaya kuliko ya kwanza: muntu mwenye anahesabu kila samaki hakuhesabu ile jibu.

Wiki mbili ulitoka hapa saa kumi na mbili ya asubui na kalamu mbili na calculatrice. Wiki mbili nilikuachia yayi ya kuchemsha juu ya meza, juu akili ifanye kazi.

Siku ya proclamation, kusoma matokeo ya examen, nilifunga meza mapema. Nikanunua poudre, ile unga ya kumwangia benye balifaulu, kopo kubwa, sababu nilitaka kukumwangia kichwani mpaka ukuwe mweupe kama benzako. Weye uliniambia usikuye, mama, ni jua kali. Nikakuya. Nilisimama mu lupango, kiwanja ya université, na kopo ku mukono, kati ya bamama benye balifunga bitenge bya kufanana, na nikasikia banaita majina. Distinction, nduru. Satisfaction, nduru, poudre, bantu banakohoa. Kisha bakafika mu wale ya mwisho, na yule bwana akasoma jina yako yote mzima, na akasema: "Non en ordre ya minerval. Absente mu examen yote."

Mama mumoja karibu yangu akauliza, "Ni mutoto ya nani huyu?" Nikasema, "Sijui."

Ngoie, nilisema sijui. Hii haukuisikia, ulikuwa mbali, karibu na ukuta. Nimeibeba mwaka mzima peke yangu, na leo ninakupa, ufanye nayo yenye unataka.

Kisha nikakushika mukono mpaka inje ya lupango, na nikakuuliza mbele ya bantu ya taxi, "Sababu gani haukuniambia?" Ukanitazama bila machozi. "Mama, weye njo ulisema. Mwenye hana makuta abaki ku nyumba."

 Tulirudi kwa miguu mpaka Naviundu na ile kopo haikufunguliwa.

Ile karatasi niliiona juma yenye kufuata, wakati nilikuwa ninatafuta kadi yako ya muchaguzi mu madaftari. Formulaire ya faculté. Kasha ya msaada ya banafunzi benye balikwama: dola mia moja, si deni, banalipa moja kwa moja ku caisse, na jina yako inaingia mu liste siku ile ile. Ulikuwa umejaza yote. Jina, promotion, sababu. Mu sababu uliandika, "Biashara ya mama iliharibika na mvua." Maneno sita, kweli tupu. Ilikosa kintu kimoja, chini: sahihi ya muzazi.

Fanya hesabu na mimi. Kwa kukosa makumi kenda na tano, tulitupa mia tatu na makumi munane na tano. Ongeza transport ya mwaka, syllabus, na mwaka moja ya maisha yako yenye sijui bei yake. Na dawa ilikuwa sahihi, ya bule, ya muntu mwenye alilala chumba ya pili. Mu biashara yangu yote, hata mu njia ya Kasomeno, sijapoteza namna ile.

Nikaenda ku mukutano ya bamama. Nikasimama, nikasema ninataka kasha itoe na juu ya batoto benye banafukuzwa ku mulango ya examen.  Kisha Mama Fidèle, bila kunyanyua kichwa, anachambua mboga yake:

"Eh! Leo mutoto ya nani iko ku mulango?"

Bamama bengine bakacheka mu mikono. Nikasema, "Yangu. Alikuwa. Hakuingia."

"Na règlement?"

"Règlement nilikosea."

"Sema tena, sikio yangu moja iko na maji."

"Nilikosea, Mama Fidèle. Fidèle angeingia ile siku."

Akaendelea na mboga yake muda murefu. Kisha akanyanyua mukono wa kwanza kabisa, mbele ya bote. Wakati wa kutoka nikamufuata kumushukuru, akanikata: "Sikufanya juu yako. Kuna batoto bengine mu hii mustari." Na mpaka leo ananisalimia mbele ya bantu tu. Ninamukasirikia juu ya hiyo, na ninajua sina haki. Bintu bibili bote biko kweli.

Kwa hiyo leo kasha inatoa makumi sita kwa mutoto, batoto babili kwa session, na hatukopeshi, tunatoa. Muntu anafukuzwa juu ya deni, utamuponyesha namna gani na deni ingine? Hiyo nilipigania mimi. Na nilipigania tena kama mutoto ya mwenye kushika kasha apite wa mwisho. Mama mumoja akaniambia, "Unajifunga kamba mwenyewe." Ni kweli. Ndiyo maana usihesabu sana ile makumi sita. Nafasi ikibaki, utapata. Isipobaki, hapana.

Université ya Kolwezi, kwenye unaenda kesho, balikubali cours zako za mwaka ya kwanza, na huko nako banasema kuna kasha ya namna ile. Niliuliza mwenyewe, ku simu. Bibi moja wa service ya banafunzi, muntu wa maneno ya upole, akanieleza: banasaidia mwenye alikwama katikati ya mwaka, ugonjwa, kifo, biashara kuanguka, nyumba kuungua. Lakini inaomba attestation ya quartier yenye inasema kama muzazi hana uwezo. Bila ile, dossier haifunguliwe.

Siku ya ine ya hii juma nikaenda ku bureau ya quartier. Chef wa quartier akaniona, akasimama kabisa.

"Mama wa Pweto! Unakuya kulipa taxe ama kunikopesha?"

Nikamuambia nataka attestation d'indigence.

Alicheka mpaka akashika meza. "Weye? Mwenye iko na nyumba ya bati mupya? Weye maskini? Nikitia cachet, huu muhuri, na bale maskini ya kweli nitabapa nini?"

Kulikuwa bantu sita nyuma yangu mu mustari. Babili ni banunuzi yangu, mumoja iko na deni yangu ya bitoyo. Nikasema, na sauti yangu yote, juu nikisema polepole angecheka tena: "Bati iko, makuta haiko. Bati haiendi ku caisse ya masomo. Andika, Papa Chef."

Akaandika. Akaniomba dola mbili ya cachet. Nikamupa moja. Mpaka mu umaskini bantu banataka faida.

Ile attestation iko mu hii enveloppe, na niko nimesaini ku formulaire mbili yenye haijaandikwa kintu. Jaza mwenyewe. Sijawahi kusaini karatasi tupu mu maisha yangu, hata kwa bantu ya camion.

Sasa, ile neno yenyewe. Yenye nilizunguka kurasa hizi zote juu nisiifikie.

Ulinisikia nikiambia jirani kama mwaka yako ya Kolwezi imelipiwa yote. Niliambia baba yako mukubwa vilevile, ku simu, na nilifurahi kumusikia ananyamaza. Haiko kweli. Nililipa tranche ya kwanza ya minerval, na chumba myezi tatu. Tranche ya pili ni dola mia mbili na makumi tano, mbele ya mwisho wa mwezi ya tatu. Leo niko na makumi ine na mbili. Mvua ikikuwa nzuri na njia ikikubali safari mbili, nitafika mia moja na makumi kenda, pengine mia mbili. Njia ikikataa, sitafika. Hii haiko woga, ni hesabu.

Kwa hiyo usingoje mulango. Mwezi ya mbili, siku yenye utaona makuta yangu haikufika, usinipigie simu kwanza juu unipe nafasi ya kusema "balitupa muda". Enda ku ile bibi, asubui, na karatasi zote, na useme na mudomo wazi: mama yangu hana. Ukiona haya, jua kama haya ile ni yangu, si yako. Mimi njo nilikutilia mu mwili wakati ulikuwa unapiga pasi. Pengine batakataa. Kasha yoyote inamalizika, mimi najua, nimeshika moja. Bakikataa, niambie siku ile ile, na nitauzisha bati. Lakini nisijue tena kintu yako mbele ya bantu na kopo ku mukono.

Ninasikia sauti ku barabara, pengine ni nyinyi.

Kesho ku gari ya Kolwezi bamama batakuya kukuaga, Mama Fidèle pengine naye, na muntu ataniuliza. Najijua, Ngoie. Nitanyoosha shingo na nitasema kwa nguvu, juu chauffeur naye asikie: "Mutoto yangu anaenda, na kila kintu imelipiwa mpaka mwisho wa mwaka." Usinipinge mbele yabo.

Lakini usiniamini.

Mama yako